Stesheni Yetu Inabomoka: Tuanzie Wapi Kuchanga?

Mwezi huu safu ya maswali na majibu nimeiachia jambo moja, kwa kuwa barua tatu zilizonifikia kutoka pande tatu za Uganda zote zinazungumzia stesheni za zamani za reli na watu wa kawaida wanaotaka kuziokoa kwa michango yao wenyewe. Barua ya kwanza ina maswali mengi, nami nimeijibu kwa urefu.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu na naishi katika mji mdogo ulio kwenye njia ya reli kati ya Mbale na Soroti. Stesheni yetu ilijengwa reli ilipopitishwa huku kufuata pamba, na mimi mwenyewe nilipandia treni hapo nilipokuwa kijana nikienda chuo cha ualimu. Sasa mabati ya upande wa magharibi yameng'oka, mbuzi wanalala katika ofisi ya stesheni masta, na pale palipokuwa na dirisha la tiketi pamebaki tundu tupu. Juzi tumesikia tetesi kwamba kuna mtu anataka kubomoa jengo lote ajenge maduka. Wazee na vijana tumekutana mara mbili chini ya mwembe, tumechagua kamati ya watu tisa, na mtu mmoja akatoa shilingi 50,000 papo hapo. Lakini hatujui tuanzie wapi. Tuchange kwanza au tutafute kibali kwanza? Fedha tuziweke wapi? Jengo lenyewe tulitengeneze vipi? Wapo pia wanaotuambia kwamba ni aibu kuchangia stesheni wakati zahanati yetu haina dawa. Na je, fedha za watu maskini kama sisi zinaweza kweli kuokoa jengo la serikali?

Mwalimu mstaafu, Teso

JIBU

Mwalimu, kibali kwanza, na naomba kamati yako iniwie radhi nikilisema hili kwa mkazo. Hizo shilingi 50,000 zilizotolewa chini ya mwembe ziandikeni na mzitunze, lakini msipokee nyingine hata shilingi mia moja mpaka mjue kwa maandishi jengo hilo ni la nani na mwenyewe amewaruhusu kufanya nini.

Stesheni hiyo haikuwahi kuwa mali ya mji, ingawa mji ulikua kwa kuizunguka. Reli ilipofika Soroti mwaka 1929 ilikuwa chini ya Reli za Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Tanganyika na kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na sehemu yake, na ya kwetu ikarithiwa na Shirika la Reli la Uganda. Kuanzia mwaka 2006 uendeshaji ulikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, kisha mkataba huo ulipokatishwa kazi ikarudi mikononi mwa Shirika. Katika mabadiliko yote hayo hakuna mahali ambapo jengo lilikabidhiwa kwa wakazi, hata pale ambapo mlango umekaa wazi kwa miaka thelathini. Mtu akiitengeneza nyumba ya mwenzake bila kumwambia, hata akiitengeneza vizuri, mwenye nyumba anaweza kumwondoa kesho yake, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo andikeni barua kwa Shirika la Reli, na nakala yake ipelekwe kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwa karani wa baraza la mji na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya. Barua iwe fupi. Iseme ninyi ni akina nani, jengo liko katika hali gani, na mnaomba nini. Iambatane na picha za kila upande wa jengo, ndani na nje, zilizoandikwa tarehe. Msiombe mpewe jengo, kwa maana ombi hilo litawatia hofu wakubwa na jibu litakawia. Ombeni makubaliano ya kulitunza na kulitumia kwa miaka inayotajwa, na msikubali miaka miwili, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayechangia paa litakalochukuliwa kabla halijapata kutu. Katika barua hiyohiyo ulizeni wazi kama kuna mpango wowote wa kuuza au kubomoa. Huyo anayetajwa katika tetesi naye hana nguvu bila karatasi, na mkiwa ninyi ndio wa kwanza kuuliza kwa maandishi, itakuwa vigumu kwa jambo hilo kupitishwa kimyakimya.

Ulizeni jambo jingine pia. Ukarabati wa njia ya Tororo hadi Gulu, yenye urefu wa takribani kilomita 375, ulianza mwaka 2023, na mji wako uko kwenye njia hiyohiyo. Inawezekana kabisa kwamba Shirika litataka chumba kimoja au viwili virudi kazini. Wanakamati wengi wakisikia hivyo huvunjika moyo wakidhani wamenyang'anywa. Mimi naona ndiyo habari njema kuliko zote, kwa sababu jengo ambalo treni inasimama mbele yake lina mwangalizi kila siku, na ninyi mtakuwa mmebakiwa na ukumbi na veranda za kutunza.

Wakati mnasubiri jibu, fanyeni mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuandikisha kamati. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya kijamii vinavyofanya kazi katika ngazi ya kaunti ndogo au chini yake, na maafisa wa wilaya yenu watawaonyesha utaratibu. Bila cheti hicho benki haitawafungulia akaunti kwa jina la chama. La pili ni kuandika kwa idara inayosimamia makumbusho na majengo ya kale katika Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Malikale, mkiomba mtaalamu aje alitazame jengo. Sheria ya zamani ya majengo ya kihistoria ilikuwa ya mwaka 1967, na sasa imechukuliwa nafasi na Sheria ya Makumbusho na Majengo ya Kumbukumbu ya mwaka 2023. Jengo likishaorodheshwa chini ya sheria hiyo, anayetaka kulibomoa ana kazi kubwa ya kujieleza. Hata kabla halijaorodheshwa, mnaweza kuwakumbusha viongozi wenu kwamba Katiba ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka serikali pamoja na wananchi kulinda mali ya umma na urithi wa Uganda. Wananchi wametajwa humo kwa jina, Mwalimu. Kamati yako inatimiza jambo ambalo Katiba yenyewe imeliomba.

Sasa nije kwenye swali ulilolitia mwisho, la fedha za watu maskini. Tazama yaliyotokea Kasubi. Makaburi ya wafalme wa Buganda, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, yaliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Mwaka 2013 Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alianzisha mchango alioupa jina la Ettofaali, yaani tofali, akauzungusha mji baada ya mji kwa ajili ya Kasubi na jengo la Masengere lililoko Mengo. Serikali, UNESCO na Japani zilisaidia pia upande wa Kasubi, na mwezi Septemba 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini waliokuwapo wanakumbuka zaidi ile mistari ya watu waliosimama juani ili kila mmoja akabidhi bahasha yake kwa mkono wake. Jina lenyewe lilifanya nusu ya kazi. Mtu aliyeombwa tofali hakujiona mdogo mbele ya aliyetoa mamilioni, kwa sababu ukuta hujengwa kwa matofali na kila tofali lina nafasi yake.

Fanyeni vivyo hivyo, kwa kiasi chenu. Msitangaze kwamba mnatafuta milioni kadhaa; tangazeni kwamba mnatafuta mabati. Hesabuni mabati mangapi yanahitajika, misumari kilo ngapi, chokaa mifuko mingapi, mbao za paa ngapi, na siku ngapi za fundi, kisha andikeni bei ya kila kitu kama inavyouzwa katika maduka ya mji wenu na muibandike ukutani sokoni. Anayetoa bei ya bati moja ajue kwamba bati lake litapigiliwa, na jina lake liandikwe kwenye orodha. Mama anayeuza samaki wakavu akiweza kuonyesha kwa kidole na kusema, "Lile la tatu kutoka kwenye mfereji ni langu," hatakubali mtu alibomoe.

Hesabu nayo si ya kutisha. Chukua mfano wa kaya 400 tu, kila moja ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi: zitapatikana shilingi 800,000 kwa mwezi, na kwa mwaka shilingi 9,600,000. Hazijengi stesheni mpya, lakini kwa jengo dogo zinasogeza paa mbali sana. Chagueni majira kwa busara. Huko kwenu fedha zipo baada ya mavuno, wakati karanga na mtama vimeuzwa. Mkipita nyumba kwa nyumba mwezi Februari, Mei au Septemba mtagongana na karo za shule na mtarudi na ahadi. Mimi nina shaka kubwa na ahadi. Sote tumekaa katika mikutano ya harusi tukaona daftari likijaa majina na tarakimu nzuri, na wiki ya harusi ilipofika bwana arusi akakimbilia kukopa. Katika daftari lenu wekeni safu mbili, ya walioahidi na ya waliotoa, na mnunue vitu kwa kutazama safu ya pili peke yake.

Walio mbali msiwasahau. Kila mji wa reli una watoto wake Kampala, Nairobi na ng'ambo, na wengi wao walipunga mkono wa kwaheri katika stesheni hiyo. Ila hao huhitaji picha. Watumieni picha ya tundu la dirisha la tiketi leo, na nyingine fundi akishaliziba.

Kuhusu wagombea na wabunge niseme kidogo. Msimkatae mtu kwa sababu ni mwanasiasa, lakini fedha zake ziandikwe katika daftari lilelile, mstari uleule, na bango lake lisibandikwe ukutani. Mfahamu pia kwamba Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya mwaka 2005 inakataza mgombea kuendesha harambee au kutoa michango wakati wa kampeni, kwa hiyo katika miezi hiyo mheshimiwa akija na bahasha mtakuwa mnamtia matatani na kujitia wenyewe.

Fedha zikae benki, kwa jina la chama, na watia saini watatu ambao hawatoki katika familia moja. Simu itumike kupokea, kwa kuwa ndiko watu wengi waliko, lakini iwe namba iliyosajiliwa kwa jina la chama. Kumbukeni kwamba tangu mwaka 2018 kuna kodi ya asilimia 0.5 kwa kila fedha inayotolewa kwenye simu, mbali na ada ya kampuni. Ukitoa shilingi 1,000,000 kodi hiyo peke yake ni shilingi 5,000, na ada ya kampuni hukatwa kila mnapotoa, kwa hiyo msitoe kidogokidogo kila siku bila sababu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi someni hesabu hadharani, kwa sauti, kuanzia fedha iliyoingia hadi msumari wa mwisho ulionunuliwa, tena kwa lugha ambazo wote waliopo wanazielewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi ni jina la mtu mwaminifu linalopotea pamoja nayo.

Sasa jengo lenyewe. Miaka iliyopita nilikuwa katika kamati ya kutengeneza ukumbi wa zamani katika mji ambao sitautaja. Tulipopata fedha za kwanza tulipaka rangi, kwa sababu tulitaka waliochanga waone tofauti upesi. Watu walishangilia. Mvua za Aprili zilipokuja maji yakapita katika paa tuliloliacha, yakashuka ndani ya ukuta, na rangi yote ikaning'inia kama ngozi ya nyoka. Mwaka uliofuata hakuna aliyetaka kutupa hata shilingi, na sikuwalaumu. Kwa hiyo nawasihi, shilingi ya kwanza iende kwenye paa, ya pili kwenye mifereji ya kukinga maji na mtaro wa kuyaondoa ukutani, ya tatu kwenye mchwa. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Kabla hamjapanda juu, angalieni kama paa lina mabati au vigae vya kijivu vyenye mawimbi. Majengo mengi ya enzi hizo yaliezekwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Kama ni asbesto, msivunje, msitoboe, msisugue kwa brashi, na vijana wa kujitolea wasiguse. Hiyo ni kazi ya kuomba msaada wa wilaya.

Kisha kuna kosa ambalo mafundi wetu hulifanya kwa nia njema. Chukua ufunguo au msumari ukakwaruze mstari mwembamba wa kiunganishi ulio kati ya tofali na tofali. Ukimomonyoka na kuacha unga mweupe kwenye kidole, ukuta huo ulijengwa kwa chokaa. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa tena kupitia kwenye hiyo mistari. Fundi akija akaiziba kwa saruji, saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani na haipitishi unyevu, basi maji yaliyomo ukutani hutafuta njia kupitia usoni mwa tofali lenyewe. Baada ya misimu michache ya mvua utaona uso wa tofali unabanduka vipande vyembamba kama ganda la mkate, na saruji imebaki imesimama yenyewe kama kiunzi. Hapo hamna tena cha kuokoa. Nunueni chokaa, mtafuteni fundi mzee anayejua kuichanganya na mchanga, na muwape vijana wawili kazi ya kujifunza kwake. Vivyo hivyo milango na fremu zikiwa za mvule msizing'oe ili mtie za chuma. Mvule ni mti ambao mchwa wenyewe huuogopa, na mara nyingi chini ya tabaka tano za rangi mbao bado ni nzima.

Limebaki la zahanati. Mwalimu, wanaouliza hivyo msiwajibu kwa hasira, kwa maana wanasema kweli kuhusu dawa. Waambieni kwamba dawa za zahanati ni wajibu wa serikali na kwamba kamati yenu iko tayari kutia saini barua ya kuzidai pamoja nao. Lakini muwaonyeshe pia jengo litafanya kazi gani, kwa sababu jengo lililookolewa likafungwa kwa kufuli litabomoka mara ya pili. Huko Namasagali, ambako reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912 ilikutana na meli za Ziwa Kyoga, bandari ilipoharibiwa na mafuriko mwanzoni mwa miaka ya 1960 majengo ya reli hayakuachwa yafe. Yakawa shule ya sekondari mwaka 1965, na vizazi vya wanafunzi vimesoma humo. Jinja nako, stesheni ya zamani imekuwa makumbusho ya reli tangu mwaka 2022. Mji wenu hauwezi kuendesha makumbusho kamili, nami sishauri mjaribu. Chumba kimoja kiwekeni picha na vifaa vya reli. Chumba kingine mkodishe kwa chama cha kuweka na kukopa ili kodi yake itunze paa. Ukumbi uwe mahali pa watoto kusomea jioni. Veranda iwe ya kina mama wa soko siku za mvua. Mkisema hivyo, anayeuliza kuhusu zahanati ataona kwamba anaombwa achangie mahali atakapokaa yeye na mwanawe.

SWALI

Mpendwa Mhariri,

Katika mji wetu ulio kwenye njia ya zamani ya Kasese tulichanga kwa simu ili tuzuie stesheni isianguke. Namba ilikuwa ya mweka hazina wetu, mtu mwadilifu kabisa. Amefariki ghafla, fedha zimebaki katika simu yake, na mjane wake anasema hajui namba ya siri. Wengine kwenye kamati wanataka twende polisi. Tufanye nini?

Dada wa Kasese

JIBU

Dada, poleni sana. Msiende polisi, kwa sababu hakuna aliyeiba, na mkianza hivyo mtamjeruhi mjane na kuuchafua mchango wenu mbele ya mji.

Nendeni kwanza msibani, kama kamati, na siku hiyo msitaje fedha. Baadaye watu wawili wanaoheshimiwa na familia wamweleze mjane kwamba ndani ya simu ya marehemu kuna fedha ambazo hazikuwa zake, na wampe orodha. Kwa sheria zetu, familia huomba hati ya kutokuwa na pingamizi katika ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha huenda mahakamani kupata barua za usimamizi wa mirathi, na ni kwa barua hizo kampuni ya simu itakapowalipa. Kazi yenu ni kuutayarisha ushahidi: kila aliyetuma atafute ujumbe wa uthibitisho katika simu yake, wenye tarehe na kiasi, na mwandike jumla. Kama safari za mahakamani zinamgharimu mjane, kamati ilipe nauli.

Njia hiyo ya Kasese ilifunguliwa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na najua majengo yake mengi yamesimama kwa taabu. Msiache kazi kwa sababu ya miezi hii ya kusubiri. Mkianza upya, someni niliyomwambia Mwalimu hapo juu kuhusu namba ya simu na jina la chama.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Marehemu baba yangu alifanya kazi ya reli kwa miaka mingi katika stesheni ndogo karibu na Tororo. Treni za abiria zilipokoma katika miaka ya 1990 na watu wakaanza kung'oa kila kitu kwa ajili ya vyuma chakavu, alibeba benchi la chumba cha kungojea akalileta nyumbani, pamoja na kile kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa kama kengele. Nimekulia juu ya benchi hilo. Sasa nasikia vijana wanachangisha fedha kuitengeneza stesheni. Nataka kuvirudisha lakini naogopa kuambiwa kwamba baba alikuwa mwizi.

Mtoto wa reli, Tororo

JIBU

Ndugu yangu, baba yako aliokoa kilichoweza kuokolewa wakati wenye mamlaka walikuwa wamekwenda zao. Mataruma ya chuma yaliyokuwa njiani hapo mengi yamekwishayeyushwa, na benchi la baba yako lipo. Virudishe bila hofu.

Lakini usivirudishe kimya. Andika barua ya ukurasa mmoja ukieleza alivichukua lini, kwa nini, na vimekaa wapi, kisha muombe mwenyekiti wa LC1 aitie mhuri. Kwa kuwa mali ni ya Shirika la Reli, kamati ya vijana ivipokee kwa niaba yake, ikuandikie stakabadhi, na ivitaje katika makubaliano yake na Shirika. Kama jengo halina paa bado, vibaki kwako mpaka liezekwe. Benchi lililostahimili miaka thelathini ndani ya nyumba litaoza kwa msimu mmoja likinyeshewa. Kama yupo mzee yeyote aliyefanya kazi na baba yako, mketishe juu yake urekodi sauti yake akieleza kengele ile iligongwa mara ngapi treni ilipokuwa ikikaribia, kwa sababu hilo halikuandikwa popote na wanaolijua wanapungua.

Na tafadhali usilipige msasa wala vanishi kabla ya kulikabidhi. Ukipitisha kiganja kwenye ukingo wa mbele utakuta mbao imelainika na kubonyea kidogo mahali watu walipokuwa wakishika wanapoinuka kwenda kupanda treni. Hapo pasiguswe.